Kiko cha Kusemea

"Fumba macho tena, shemeji," alisema fundi cherehani, kiko kikiwa katikati ya meno. "Haya. Shikamoo mama, umeamkaje?"

Mjane alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Bado. Hapo ni wewe mtupu."

Viko vilikuwa vimetapakaa juu ya kaunta, kuanzia chembamba kama kidole cha mtoto hadi kimoja kizito chenye bakuli kubwa kama yai. Muuza tumbaku alikuwa ameshika kiuno.

"Dada, watu huchagua kiko kwa mdomo. Wewe unachagua kwa masikio?"

"Kwa masikio ya mama mkwe," alijibu mjane.

Hakueleza zaidi. Mumewe alipozikwa, mama mkwe, asiyeona kwa miaka mingi, alikuwa amelazwa hospitalini, na daktari alionya kwamba moyo wake haungehimili habari ile. Familia ikakubaliana kumficha mpaka apate nguvu. Tangu arudi nyumbani, kila Jumapili fundi cherehani alivaa koti la kaka yake, akauma kiko cha kuazima, akawa kaka yake. Kiko cha marehemu mwenyewe kilivunjika siku alipoanguka akafa. Hiki cha kuazima kilikuwa kidogo, na Jumapili iliyopita mama aliuliza, "Mbona sauti yako imekonda, mwanangu?" Wiki nzima mjane hakula akashiba.

Fundi alichukua kile kizito. Taya lilishuka, maneno yakatoka yakiburuzika.

"Shikamoo mama, umeamkaje?"

Mjane alifumbua macho ghafla, akageukia ukutani.

"Shemeji? Vipi?"

"Hicho hicho," alisema bila kugeuka. "Lipa twende."

Jumapili mama aliketi kitandani, ameegemea mito, akipapasa mkono wa lile koti.

"Leo sauti imenenepa," alisema. "Lakini moshi siusikii."

"Daktari amenikataza kuwasha, mama."

"Na kukohoa amekukataza? Wewe ulikuwa ukikohoa, paka anaruka dirishani."

Fundi alikohoa upesi, mpaka kiko kikataka kumponyoka. Mama alicheka, mabega yakatikisika.

"Na mdogo wako mbona haji kunisalimia?"

"Kazi zimembana, mama. Nguo za watu zimejaa mezani."

"Mwambie nimemkumbuka, mjanja yule. Na ale vizuri."

"Nitamwambia."

Walizungumza mpaka chai ikapoa. Fundi alipotoka kwenda kupumzisha taya, alimkonyeza shemeji yake mlangoni: mambo yamekwenda sawa. Mjane akashusha pumzi, akainama kumfunika mama miguu.

Mama alimshika mkono, akamvuta karibu.

"Mwanangu, mwambie shemeji yako Jumapili ijayo arudie kile kiko kidogo," alinong'ona. "Hiki kikubwa kinamfananisha mno na marehemu, nami nitashindwa kujizuia, nilie mbele yenu."