Saini za Njia ya Zahanati

Asubuhi saini zilikuwa kumi na tisa, na saa nne zilikuwa bado kumi na tisa. Robi aliangalia simu, akairudisha kwenye meza ya cherehani, akaichukua tena.

Wiki tatu zilizopita aliandika ombi mtandaoni, kwa upole, akiwasihi wenye mashimo ya dhahabu wafungue njia ya zahanati waliyoizungushia seng'enge.

"Umeandika kama unaomba likizo," mdogo wake wa kike alimwambia. Huyo soko zima la Matongo lilimfahamu kwa maneno yake. "Ngoja niongee mimi."

Akajirekodi video palepale mlangoni. Alisema kuna mama alijifungulia kwenye seng'enge ile, bodaboda imezuiwa, na mtoto hakulia. Jina hakutaja. Akaituma kwenye makundi yote, hata ya Sirari. Kufika saa nane, saini zilipita elfu mbili.

Robi aliendelea kushona, lakini mshono ulikwenda upande.

Simu ikaita. Mdogo wake alisikiliza, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Dada, ni mwandishi wa habari. Anamtaka yule mama mwenyewe, la sivyo ataandika kwamba tumetunga. Nimwambie ni mimi?"

Robi alichomoa pini mbili alizokuwa amezibana kwa midomo. Moja ilianguka chini, hakuiokota. Akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ndogo. "Mtoto alikuwa wa kike."