Mtoto wa Vitshumbi

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, watu wote mezani wamevaa makoti, na Kahambu alikuwa akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Jasho lilimtoka shingoni likamtiririka hadi kifuani.

"Umuone muke wako," Mama Kaswera, mama mkwe wake, alimwambia mwanawe bila kushusha sauti. "Hajafika hata miaka makumi ine, lakini mwili wake umezeeka kupita wangu."

Achille aliendelea kumega fufu. Alikuwa mume wa kunyamaza mkewe anapotukanwa na kuchangamka anaposifiwa yeye.

Kahambu alijua mwili wake una nini. Kwa mwaka mzima hedhi ilikuwa ikija inavyotaka: miezi miwili kimya, kisha mara mbili kwa mwezi mmoja. Joto lilimpanda hata asubuhi ya baridi. Daktari wa wanawake alimpima, akamweleza bila kumficha. Kuna wanawake ambao mayai yao huanza kwisha mapema, kabla ya miaka arobaini, na yeye ni mmoja wao. Miezi mingine yai halikomai kabisa.

"Lakini mlango haujafungwa, mama," daktari alisema. "Mimba bado inaweza kushika. Usikawie tu. Na muzee wako aje, tumupime naye."

Alirudi nyumbani na maneno hayo yote. Achille akasikia nusu moja tu, ile iliyomfaa.

"Nipimwe nini?" alicheka. "Kwani mutoto wangu wa Vitshumbi alianguka toka mawinguni?"

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimziba Kahambu mdomo tangu aolewe. Kabla ya ndoa, Achille alikuwa akinunua samaki Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, na huko aliishi na msichana mmoja, Dative. Mimba ya Dative ilipoanza kuonekana, Achille alipanda gari akaja Goma. Mtoto akazaliwa, akaitwa Laurence, akafikisha miaka minane, na baba hakuwahi kumpelekea hata kipande cha sabuni. Lakini kila mtu alipouliza mbona nyumba yake haina mtoto, Achille alimtaja Laurence kwa kifua mbele, na macho yote yakamgeukia Kahambu.

Kisha vita vikawasukuma watu barabarani, na habari zikafika kwamba Dative na mtoto wako kambini Kanyaruchinya, chini ya hema la plastiki. Mama Kaswera, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza kama mjukuu wake anakula, alijifunga kitenge kipya akaenda kuwachukua.

"Damu yetu haiwezi kulala kwa matope," aliwatangazia majirani aliporudi nao. Kisha akamgeukia Kahambu. "Weye, utoe vitu vyako kwa chumba kikubwa. Hicho ni cha muke mwenye kuzaa. Kule nyuma kunakutosha."

Kahambu alimtazama mumewe. Achille alikuwa akitazama simu.

"Nitaenda kwetu Majengo," Kahambu alisema.

"Uende," mama mkwe akajibu. "Masufuria ubakishe."

Kahambu aliingia chumbani akaanza kukunja nguo. Dative alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto amemwegemea. Kahambu aliwadharau wote. Alimdharau mama mkwe aliyekumbuka damu yake siku ilipomfaa. Alimdharau mwanamume aliyejivunia mtoto asiyemjua hata sura. Alimdharau huyu mwanamke aliyeachwa na mimba kama mzigo stendi, na bado akakubali kurudi kuketi kitandani kwa aliyemwacha. Lakini chini ya dharau hiyo yote palikuwa na kitu kilichomuumiza zaidi: aliwaamini. Walipomwita mti mkavu aliinamisha kichwa, kwa sababu moyoni alijiambia kwamba ni kweli, tatizo ni mimi.

Mtoto akakohoa. Alivaa gauni jepesi, na miguu yake ilikuwa bado na tope la kambini.

Kahambu alichomoa sweta yake moja kwenye nguo alizokunja, akaitupa kitandani bila kumtazama mama mtu.

"Umuvalishe. Hapa si Vitshumbi, baridi inaua."

Dative aliichukua, akamvalisha Laurence, akamkunjia mikono ya sweta iliyomzidi urefu. Aliitengeneza taratibu, kama mtu anayetafuta la kusema. Mwishowe akamwambia mtoto aende kwa bibi yake akapewe uji. Laurence alipotoka, Dative aliinuka akasukuma mlango ukafungika.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mama ananiambia dokta alisema umekwisha. Ni kweli?"

"Hakusema nimekwisha. Alisema ninaweza, ila wakati wangu ni mufupi." Kahambu alifunga begi kwa nguvu. "Umefurahi?"

"Hapana." Dative alisikiliza kwanza vicheko vya Achille na mama yake kule sebuleni. "Miye ninatafuta tu pahali mutoto wangu atalala bila kunyeshewa. Lakini umemupa sweta, siwezi kukuacha uende hivi. Wakati wako usiumalizie kwa Achille. Nilikaa naye miaka mitatu, sikushika hata mimba yake moja. Baba ya Laurence ni muvuvi, na mpaka leo iko Vitshumbi."