Kaburi la Kumi na Mbili

Kwa mara ya tatu mwaka huo, Alma Hinshaw alisimama katikati ya kimya na kusema, "Siwezi kukubali." Kisha akaketi, akaitazama mikono yake.

Marafiki wa mji ule mdogo wa Kansas, Wakristo wa dhehebu la Quaker, hawapigi kura. Huketi kimya na kusikilizana mpaka mioyo yote iwe kitu kimoja, na mmoja akisema siwezi, jambo hulala.

Jambo lenyewe lilikuwa makaburi kumi na mawili nyuma ya nyumba yao ya ibada. Walizikwa humo watoto wa Waotoe, wenyeji wa asili wa Amerika, waliofia kwenye shule ya bweni iliyoendeshwa na babu zao Marafiki. Sasa Waotoe walitaka watoto wao warudi kwao Oklahoma.

"Tule kwanza," alisema Willis Hadley, karani wa kikao. "Tutarudi baada ya chakula."

Mgeni wao, Loretta Deroin, aliyetumwa na Waotoe, alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tano akiwa na sufuria ya supu ya mahindi makavu kwenye kiti cha nyuma. Alma, ambaye kwa kawaida hunywa chai tu kwenye karamu za Marafiki, alirudi kuongeza supu mara mbili.

"Ridhaa hatoi, lakini sufuria anaimaliza," Vernon Macy alimnong'oneza mkewe.

"Nyamaza, Vernon. Aliyeiendesha shule ile ni baba yake."

Kila mtu alilijua hilo. Mzee Hinshaw ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. Ndiye aliyewanyoa watoto nywele siku ya kwanza, na ndiye aliyewaandika waliokufa daftarini wakati surua ilipopita. Marafiki wa zamani hawakuandika majina makaburini, ili tajiri asimpite maskini hata mchangani, kwa hiyo daftari lake pekee ndilo lililosema nani amelala wapi. Alma alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu ujana wake alikuwa akienda kila Jumamosi kupalilia makaburi yale, na katika lile la mwisho, la kumi na mbili, alipiga magoti muda mrefu zaidi. Wengine waliiita toba. Vernon aliiita aibu.

Alma alikuwa anakwaruza bakuli lake Loretta alipoketi karibu naye.

"Umeipenda, bibi?"

"Haina majivu ya kutosha," Alma alisema taratibu, kisha akaona haya. "Samahani. Ni tamu."

Loretta akacheka. "Mama naye hunisema hivyo hivyo, kwamba majivu ya kulainishia mahindi nayapunguza. Ananiambia napika kama mzungu."

Waliporudi ndani, karani alimwomba mgeni aseme lililomleta. Loretta alisimama, kofia mkononi.

"Nimesikia kuna mmoja wenu ambaye hajaridhika. Sikuja kumgombeza. Nimekuja kwa ajili ya mama yangu. Ana miaka themanini, na daktari ametuambia hataiona theluji ya mwaka huu. Siku gari la shule lilipokuja, yeye alijificha shambani kwenye mahindi. Mdogo wake hakujua kujificha. Alikuwa na miaka mitano, akadhani ni mchezo, akaita, 'Dada, uko wapi?' Mama hakuitika. Wakamchukua yule mdogo. Baridi ilipokuja, bibi yangu aliletewa barua ya mistari miwili kwamba amekufa."

Aliigeuza kofia mikononi.

"Kwetu dada wa mama ni mama. Kwa hiyo nimekuja kumchukua mama yangu. Daftari lenu linasema yuko katika la kumi na mbili. Mama anataka alazwe ubavuni mwake, amwombe msamaha kwa kutoitika. Ni hilo tu."

Loretta akaketi. Saa ya ukutani ilisikika, na kiti cha Vernon kikalia. Dakika kumi zikapita, labda zaidi.

Alma akasimama. Karani akainamisha kichwa kulipokea lile siwezi la nne.

"Marafiki, sisi hatuapi," Alma alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tunasema hatuna haja ya kiapo, kwa kuwa tunasema kweli siku zote. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki na uongo miaka hamsini na mbili, tangu mke wa Mzee Hinshaw aliponiambia ukweli akiwa kitandani, siku mbili kabla hajafa. Niliogopa. Nilijua mkichimba mtaona, na niliogopa zaidi ya nilivyowahurumia."

Vernon aliinua uso.

Alma alimgeukia Loretta.

"Watoto waliokufa walikuwa kumi na mmoja. La kumi na mbili halina mtu," alisema. "Usimpelekee dada yangu mifupa, mwanangu. Nipeleke mimi."