Kitenge cha Watu

Jumapili baada ya misa, banda umiza la Kaisho lilijaa mpaka mlangoni. Filamu mpya kutoka Dar es Salaam ilikuwa inaonyeshwa, na Sperancia alikuwa amewahi benchi la mbele.

Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu kwamba hadithi hiyo ilianzia hapo hapo Kaisho, katika filamu aliyoigiza enzi za usichana wake. Ilipigwa kwa kamera ya harusi, na CD zake hazikufika hata Bukoba. Walimcheka. “Mama, nyota wa Dar akuige wewe?”

Sasa, kwenye skrini, nyota mwenyewe akaingia mgombani na gauni la hariri, zawadi ya mumewe tajiri. Akateleza, akakaa kwenye tope kwa kishindo.

Sperancia akashika kovu la kiwikoni. Katika filamu yake, yeye hakuambiwa aanguke. Aliteleza kweli, mvua ilikuwa imenyesha, na mpiga picha hakuzima kamera.

Nyota akainua pindo la hariri lililojaa tope, akapiga yowe: “Jamani, kitenge cha watu!”

Banda likaguna. Kitenge kipi tena?

Sperancia akaruka kutoka kwenye benchi, akicheka huku machozi yanamtoka. “Hayo ni maneno yangu! Siku ile nilikuwa nimevaa cha kuazima!”

Kisha jirani yake akasimama kule nyuma, mkono kiunoni.

“Anasema kweli,” akawaambia watu. “Aliazima kwangu. Na hajakirudisha mpaka leo.”