Tawi la Shangazi Mize

Baba yake Zamda aliutaka mti wa ukoo uwe mwepesi, utoshe ukutani siku ya harusi. "Tawi lisiloishia kwa mtoto mdogo liondoe," alisema. Zamda akaandika programu siku hiyohiyo, mwanawe Kito akiwa amelala mgongoni kwa Shangazi Mize.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Kila jina liliyauliza matawi yake mawili, la kushoto na la kulia: huko chini kuna mtoto? Nayo yaliyauliza ya kwao vivyo hivyo, mpaka nchani. Jibu likirudi hapana, tawi linakatwa. Ilipofanya kazi, Zamda alipiga makofi.

"Hebu nione," Shangazi akasema, akavaa miwani. Kidole chake kilipanda kwenye kioo cha kompyuta mpaka kwa babu, ambaye chini yake lilibaki jina moja tu. "Kumbe baba yako alizaliwa peke yake! Mimi niliokotwa jalalani?" Akacheka mwenyewe.

"Shangazi, nisamehe. Ni kanuni tu."

"Na kanuni kaiandika nani, mama?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikaza mbeleko, akaenda dirishani kumbembeleza mtoto.

Zamda alilirudisha jina la Mize, huku akijua kwamba lingekatwa tena, kwa kuwa halikuwa na mtoto chini yake. Akautazama mgongo ule, na kisigino cha mwanawe kilichochomoza kwenye mbeleko. Kisha, chini ya jina la Mize, akaandika jina la Kito, akabonyeza programu ianze tena.

Swali likaanza kushuka, na pale dirishani mtoto akaguna usingizini.