Filamu ya Wasioulizwa

Kamera ilikuwa imesimama juu ya miguu yake mitatu, sheikh alikuwa amefika, na nyama ya mbuzi ilikuwa imekwisha kuiva. Aliyekosekana ni bwana harusi peke yake.

"Amechelewa makusudi," Diba alimnong'oneza Kaberia, mtu wake wa kurekodi sauti. "Dhalimu akisikia kuna kamera hujificha."

"Ama amesikia habari ya ile filamu yako ya vyoo," akajibu Kaberia, akiendelea kutafuna miraa yake kwa utulivu.

Diba hakucheka. Filamu ya vyoo ilionyeshwa uwanjani Isiolo, na umati wote ukamshangilia kuku aliyepita nyuma ya afisa wa afya. Ile ya majosho ya ng'ombe iliwalaza waalikwa usingizi. Mkubwa wake katika idara ya filamu ya serikali, Nairobi, alikuwa amemweleza waziwazi: hii ya tatu ikianguka, atapiga picha za mashindano ya kwaya hadi astaafu. Ndiyo maana, mwaka huo wa 1981, alikuja Merti kuwatetea wanawake wanaoozwa bila ridhaa yao. Hata jina la filamu alikwisha kulitunga: Wasioulizwa.

Diba alikuwa Mborana wa damu, ila alilelewa Nairobi, na Kiborana chake kilimtosha kuomba maji ya kunywa tu. Hata hivyo, alijivunia kujua namna ya kuingia kwa wazee. Alimtembelea Mzee Huka mara tatu, na kila mara Kaberia alitangulia na zawadi ya buni na tumbaku. Mara ya kwanza mzee aliuliza, kwa Kiswahili, ukoo wa babake Diba, akafurahi kuusikia. Mara ya pili aliwaita ndugu zake, buni zikakaangwa kwa samli, wakala pamoja. Mara ya tatu alitangaza kwamba binti yake Kabale, mwanamke mzima mwenye biashara yake ya maziwa, angeolewa Ijumaa.

Diba nusura aiangushe kamera kwa furaha.

"Na mchumba ni mtu wa namna gani, mzee?" aliuliza.

Huka aliwatazama ndugu zake, wote wakaangua kicheko. "Adabu nzuri hiyo! Haya, nikwambie. Si kijana. Nywele zimeanza kumhama. Ng'ombe hana hata mmoja, lakini serikali inamlipa."

"Serikali!" Diba aliivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. Kumbe alikuwa amenasa mnyama mkubwa kuliko alivyotarajia. "Na binti mwenyewe, ana habari?"

"Muulize, mwanangu. Mdomo anao."

Kabale alisimama mbele ya kamera bila kutetemeka.

"Dada, wamekulazimisha?"

"Nani anilazimishe mimi? Nimeulizwa, nimekubali."

"Unampenda kweli?"

Kabale alimpima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu. "Anaongea sana. Lakini halewi, na akienda safari zake nitauza maziwa yangu kwa amani."

Diba alimwagiza Kaberia akumbuke kwamba kipande hicho watakikata. Ilikuwa dhahiri kuwa maskini yule alikuwa amefundishwa la kusema.

Sasa Ijumaa ilikuwa imewadia, jua lilikuwa likichoma, na macho yote yalimtazama yeye. Hilo halikumshangaza; watu hupenda kamera. Hatimaye sheikh alichoka kungoja.

"Bwana Diba, weka hicho chombo chini. Unangojea nini?"

"Namngojea bwana harusi, sheikh!" Diba alipaza sauti ili watu wote wasikie. "Leo atanijibu hadharani. Kwa nini mtu afungishwe ndoa bila kuulizwa? Mtu si mbuzi!"

Wazee walinong'onezana kidogo, wakaafikiana kwamba hilo lilikuwa swali la haki. Sheikh aliinuka mkekani, akamshika Diba mkono wa kulia, akauweka ndani ya mkono wa Mzee Huka.

"Umesema kweli," alisema. "Kwetu, aletaye buni na tumbaku mara tatu ameposa. Kabale tulimwuliza. Wewe bado. Je, umekubali kumwoa?"