Mashine ya Jamleck Ndani ya Tangi

Juu ya paa la ploti ya wapangaji, mashine ya Jamleck ya mabomba ya plastiki, yenye kamera tumboni, ilibinuka tena ndani ya tangi la maji.

"Zama basi, shenzi wewe!" Akaiongezea kokoto.

Afisa wa maji alitazama saa. "Mzee, pole ya bibi. Lakini uchafu uko kwa tangi, si kwa maji yetu."

"Ngoja kamera ionyeshe tope mliloniletea, mkamuua mke wangu!"

Safari hii ikazama. Kwenye kitelevisheni alichokipakata kikatokea kifuniko cha tangi kilicholala chini, mzoga wa njiwa, kisha nyundo yenye mpini uliozungushiwa kitambaa chekundu. Nyundo yake, aliyoitafuta tangu alipopanda juu ya tangi kurekebisha antena, wiki mbili kabla homa ya matumbo haijamlaza mkewe.

"Umeona nini?" afisa akauliza.

Jamleck akachomoa waya. "Maji yenu machafu. Hayaonyeshi kitu."